Jina Lina Mwenyewe

Siku ya tatu baada ya kujifungua, Ghazala alimsikia mama mkwe wake akimwita mtoto Rahamim.

Ghazala alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, na mama mkwe huyo, Kamuna, alidhani amesinzia. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani, anamkanda miguu kwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto kidogo, na huku akikanda anaimba polepole, Rahamim, Rahamim wangu, bwana mkubwa wa nyumba hii. Mtoto alikuwa anapiga miayo. Nje upepo wa Januari ulikuwa unausukuma mlango wa uani, unaacha, unausukuma tena.

Ghazala hakufumbua macho. Alijiambia kwamba mtoto hana jina mpaka siku ya nane, siku ya tohara, na kila mtu wa Hara Kubwa, mtaa wao wa Wayahudi, anajua hivyo. Kwa hiyo lile halikuwa jina bado, ilikuwa sauti tu. Lakini maziwa yakamchuruzika yakalowesha gauni, kama yalivyokuwa yakimchuruzika zamani kila aliposikia jina lile likiitwa kutoka chumba cha pili.

“Mama,” akasema, “naomba usimwite bado.”

Kamuna akasita kukanda. “Nilidhani umelala.”

“Siku nane hazijafika.”

“Zitafika. Kwani ataitwa nani mwingine, mwanangu?”

 Kamuna alingoja jibu kwa muda ambao ungetosha kwa mtu mwenye jibu, kisha akamfunga mtoto nguo zake, akamrudisha ubavuni kwa mama yake, akatoka kwenda kutazama supu.

Swali lake halikuwa la kuuliza. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Babu akiwa hai ndiyo heshima yenyewe hasa, kwa sababu yeye ndiye humpakata mjukuu wakati ngariba anafanya kazi yake, na jina hutajwa palepale, juu ya magoti yake. Na katika nyumba hii lilikuwa limeshatajwa mara moja. Mwaka juzi mtoto mwingine alipakatwa katika ua huuhuu, akaitwa Rahamim mwana wa Amram, akaishi miezi saba na siku kumi na moja. Homa ilimshika Jumanne. Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, walikuwa wameshamzika.

Amram, mumewe, alirudi kutoka sokoni saa saba, vidole vyeusi kwa kazi ya kufua fedha, harufu ya tindikali ikimfuata mpaka kitandani. Aliinama akamnusa mtoto kichwani, akasema leo ameongezeka. Ghazala akamwambia alichokisikia asubuhi. Akamwambia pia, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi hiyo hiyo, kwamba hawezi. Mtoto apewe jina lolote jingine, la nabii, la malaika, la mjomba wa mtu, yeye atalipokea. Lile hawezi.

Amram aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mtu ambaye akibanwa husema la kwanza linalompa nafasi ya kupumua. Alisema nyumbani wanaweza kumwita watakavyo. Ghazala akasema jina si kiatu cha nyumbani. Amram akasema basi wangoje waone. Ghazala akamuuliza wangoje nini, siku ya nane ni Ijumaa. Ndipo Amram akakiri kwamba ameshampa baba yake neno. Siku ile mtoto alipozaliwa, pale ukumbini hospitali, mzee alikuwa amesimama peke yake dirishani, na Amram alimwendea akamshika bega akamwambia, “Baba, Rahamim amerudi.”

“Hakurudi,” Ghazala akasema. “Huyu ni mwingine.”

“Najua.”

“Mbona ulimwambia hivyo?”

“Ulitaka nimwambie nini? Alikuwa analia.”

Kisha akamweleza mambo ambayo Ghazala aliyajua, lakini hakuwahi kuyasikia yakisemwa kwa pamoja. Mzee Rahamim alikuwa na mabinti wanne na mwana mmoja. Mabinti wote wana wavulana, na wavulana wote wana majina ya babu zao wa upande wa pili, kama inavyotakiwa. Katika sinagogi, wakati wa baraka ya makuhani, wazee wa rika lake huwafunika wajukuu kwa shali zao za sala, wawili, watatu kila mzee, na yeye husimama katikati yao shali imemning’inia mabegani, amefunikwa peke yake. Ana miaka sabini na moja. Macho yameshamkimbia, kazi ameiacha. Hana jambo jingine analolisubiri.

“Niende nikamwambie jina lake halifai?”

“Sikusema halifai.”

“Ndivyo atakavyosikia, Ghazala.”

Kesho yake Amram alikwenda kwa Rabi Pinhas, akitumaini moyoni kwamba sheria itamkatalia au itamlazimisha, ili lawama zihamie vitabuni. Sheria haikumsaidia. Rabi alimwambia kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyefariki inaruhusiwa, na kutompa pia inaruhusiwa. Wapo, akasema, waliompa jina lilelile wakaliongezea Hai, neno ambalo kwao lina maana hiyo hiyo unayoisikia, ili mauti yasikosee mlango mara ya pili. Amram alilishika hilo kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Alirudi mbio, akaliweka mbele ya mkewe: Rahamim Hai. Mzee atapata lake na mama wa mtoto atapata lake.

Ghazala alilifikiria kwa haki. Alilitamka kimya, mara mbili, tatu.

“Nikiwa jikoni,” akasema, “sufuria inafurika, na mtoto anatambaa kwenda kwenye jiko, nitaita Rahamim. Hiyo Hai sitakuwa na muda nayo.”

Siku ya tano walikuja wanawake kumjulia hali. Kamuna alikuwa ameshabandika ukutani michoro ya samaki na viganja vya mkono ya kukinga kijicho, wino bado mbichi, na ametandaza shuka la harusi yake mwenyewe juu ya kitanda. Walikaa kwa viti na kwa matakia, wakanywa sharubati ya lozi, wakasema mtoto ana paji la uso la Amram na masikio ya mtu ambaye hawakumtaja. Mazungumzo yalikwenda kwenye bei ya mafuta, yakaenda kwenye binti wa mtu aliyechumbiwa Tunis, yakarudi.

Aliyeyarudisha ni Bi Sultana, ambaye mumewe alikuwa na duka la dhahabu milango mitatu kutoka la Amram. Hakuwa mwanamke mbaya. Siku zile za msiba alileta chakula juma zima. Lakini alikuwa na tabia ya kusema kwa sauti ya huruma mambo ambayo wengine huyasema kwa kunong’ona, na kwa hiyo yalijeruhi zaidi.

“Nasikia hamjakubaliana jina,” akasema.

Ghazala alimtazama Kamuna. Kamuna aliitazama sinia.

“Mimi sikulaumu, mwanangu,” Bi Sultana akaendelea. “Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Mzee wetu ni mtu wa Mungu, hakuna asiyejua. Lakini yako majina mazito. Mtoto mchanga hawezi kuyabeba. Mbona hili lilimwelemea yule wa kwanza?”

 Maneno yalimtoka Ghazala kabla hajayapima. Alisema mwanawe aliuawa na homa. Alisema homa ile ilikuwa na nyuzi arobaini na moja, na daktari aliisoma kwenye kipimo, na hakuna aliyesoma jina lolote pale. Alisema baba mkwe wake hajawahi kumdhuru hata kuku.

Bi Sultana hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwelewa mgonjwa.

“Basi kama si jina,” akauliza, “mbona hulitaki?”

 Ghazala alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kutolewa mbele ya glasi za sharubati na wanawake tisa.  Na alipougeuza uso usionekane, akaona kwamba mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na kwenye ule uwazi kulikuwa na kipande cha koti la kijivu.

Mzee Rahamim alikuwa na desturi ya kuja kila siku saa kama ile. Hakuwa akiingia, mwanamke aliyejifungua ana chumba chake. Alikuwa akisimama mlangoni akauliza, “Wazima wote?” akaambiwa wazima, akaacha alicholeta, machungwa au mkate wa moto, akaenda zake. Siku ile hakuuliza. Koti la kijivu likaondoka kwenye uwazi wa mlango. Baadaye Kamuna aliukuta mfuko wa machungwa umewekwa chini taratibu, umeegemezwa ukutani usianguke.

Siku ya sita hakuja.

Kamuna alizifanya kazi zake zote bila kukosea. Alimwogesha mtoto, alimletea Ghazala supu, alibadilisha mashuka. Hakusema neno mpaka jua lilipokuwa linatua, na aliposema hakupandisha sauti. Alisema mumewe hajala tangu jana. Alisema jana hiyohiyo, alipokwenda kwenye sala ya alasiri, watu wawili walimpisha njia bila sababu, mmoja akiwa na mkewe mjamzito, na yule mwanamke akageukia ukutani mpaka mzee akapita.

“Arobaini na sita,” Kamuna akasema. “Miaka arobaini na sita nimelala ubavuni kwa jina hilo. Nimezaa watoto watano nalo, wote wazima. Leo watu wanaligeukia ukuta.”

“Mama, sikutaka iwe hivyo.”

“Najua hukutaka. Lakini mtoto huyu akiitwa jina lingine, nimekubali maneno yao. Kila mtu atasema, hata mkwewe alijua.” Alikuwa anakunja nepi, anainyoosha kwa kiganja, anakunja tena. “Mpe jina lile, binti yangu, kisha huyu mtoto aishi. Aishi tu, anenepe, avunje vioo vya watu kwa mpira. Hilo ndilo jibu. Hakuna jibu lingine.”

Ghazala aliona kwamba mama mkwe wake ana haki. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa mwanamke wa inda, mwenye kutaka kumshinda tu, ingekuwa rahisi kushindana naye. Lakini kila mmoja katika nyumba ile alikuwa na haki, na haki zote zilikuwa zinavutana juu ya kichwa cha mtoto mmoja mwenye kilo tatu na robo. Alijiona mwenyewe akikubali. Alijaribu kulitamka jina juu ya uso wa yule aliyelala: alifumba macho, akayafumbua, akasema ndani kwa ndani, Rahamim, amka unyonye. Na aliyemjia alikuwa na nywele nyingi na kovu dogo la tetekuwanga kwenye nyusi. Huyu hakuwa na kovu. Huyu alikuwa na kipara.

Siku ya saba, mchana, walikileta kiti cha Nabii Eliya, anayesemekana huhudhuria kila tohara, kutoka sinagogi, wakakiweka ukumbini tayari kwa kesho. Nyuma ya waliokibeba aliingia Mzee Rahamim. Aliwaonyesha pa kukiweka, akawashukuru, akangoja watoke. Kisha akabisha mlango wa chumba, akamwomba mkewe atengeneze kahawa na auache mlango wazi. Kamuna aliwatazama wote wawili, akaenda.

Mzee alivuta kiti akaketi karibu na kizingiti, mbali na kitanda. Alikuwa amenyoa. Aliweka mikono juu ya magoti, na Ghazala akaliona dole gumba lake lililopindika kwa miaka hamsini ya kushika patasi.

Alisema amekuja kumwambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Ameshamwachilia Amram lile neno alilopewa. Wamwite mtoto watakavyo. Na kesho, akasema, wamtafute mwingine wa kumpakata, wako wazee wengi wenye majina mepesi.

“Baba, mimi sikulisema neno lile.”

“Najua. Nilikusikia ulivyojibu.” Aliitazama mikono yake. “Nilikusikia na ulivyonyamaza.”

Ghazala alijiinua akakaa, akavuta shuka mpaka kifuani. Alimwambia kuna jambo anataka kumweleza ambalo hata Amram hajamweleza, na anaomba asimhesabu kuwa ana wazimu.

“Bado namwita,” akasema.

“Nani?”

“Rahamim. Nikiwa peke yangu. Nikifua, nikianika nguo juu ya dari. Namwambia leo kuna baridi. Namwambia baba yako kachelewa. Najua hayupo, Baba, si kwamba sijui. Lakini sina kitu chake kingine. Nguo zake Mama alizitoa sadaka, na alifanya vizuri. Picha iko moja, na siku ile aligeuza kichwa. Kilichobaki ni jina, na nikilitumia naona kama kuna mtu amegeuka akanitazama.” Alimwangalia mtoto aliyelala. “Sasa huyu nikimpa jina lile, yule nitamwita nani?”

 Jikoni Kamuna alikuwa anakoroga kahawa, na kijiko kiliacha kugonga.

“Mimi sijawahi kufika kule makaburini,” mzee akasema mwishowe. “Siku ile nilifika getini nikasema miguu inaniuma. Wakaniamini, nina miguu ya kuaminika.” Alitabasamu kidogo kisha tabasamu likamwishia. “Haikuwa miguu. Nilijua wataweka jiwe, na jiwe litaandikwa. Jina langu liko pale, binti yangu, chini ya jua na mvua, na mimi ningali nakula mkate. Kila nikiitwa sokoni, namwona yule fundi akilichonga. Nilitaka apatikane mtu wa kuliondoa pale. Mtoto mwenye afya alichukue akimbie nalo. Sikukufikiria wewe. Nilijifikiria mimi.”

“Haliondoki, Baba.”

“Haliondoki?”

“Ni la kwake. Wewe ulimpa. Alikuwa ameshaanza kuligeukia akiitwa.” Akamfunika mtoto vizuri. “Wanasema huna mjukuu mwenye jina lako. Unaye. Watu hawamhesabu kwa sababu hayupo sinagogi chini ya shali yako. Mimi namhesabu.”

Mzee aliinamisha kichwa. Akatoa kitambaa akajipangusa macho, miwani, kisha macho tena. Kamuna aliingia na kahawa, hakuuliza kitu. Aliiweka mezani, ikamwagika kidogo kwenye sahani.

Alipokwisha kunywa, mzee alisimama. Aliuliza kama Amram ameshajua jina watakalotumia. Ghazala akasema yeye amefikiria Menahem, mfariji, lakini Amram hajasema ndiyo wala hapana.

“Akubali kabla ya asubuhi. Ngariba hangoji mtu.” Alifika mlangoni akageuka. “Lile la kumtafuta mwingine, liacheni. Nitampakata mwenyewe.”

“Watu watatazama, Baba.”

“Watazame. Nimeshatazamwa tangu juzi.”

Amram hakukubali kabla ya asubuhi. Ghazala alipomwambia Menahem, alijibu kwamba ataona akifika pale. Alfajiri, kabla hajatoka kwenda kusali, mama yake alimshika mkono mlangoni, na Ghazala alisikia maneno machache tu: mbele ya watu, na baba yako. Hakusikia Amram alijibu nini.

Saa tatu ua ulikuwa umejaa. Wanaume walibanana mpaka ngazini, wengine na shali mabegani, wengine wameshaanza kuinusa pombe ya tini iliyokuwa mezani kwa ajili ya baadaye. Wanawake walikuwa chumbani na Ghazala, kwenye dirisha la chuma linalotazama uani. Bi Sultana alikuwa mbele kabisa. Dada mkubwa wa Amram alimchukua mtoto kwenye mto mweupe, akampitisha mlangoni, na Ghazala akabaki mikono mitupu.

Aliona mto ukienda kutoka mkono hadi mkono. Uliwekwa kwanza juu ya kiti cha Nabii, ukanyanyuliwa, ukafika kwa mzee aliyekaa kiti cha pembeni. Mzee alimpokea mtoto kama alivyokuwa akipokea kazi ya fedha iliyokamilika, kwa viganja viwili vilivyo wazi. Watu walianza kupeana macho ya kuelewa. Kama mzee amekaa pale, basi jina ni lake. Yaliyosemwa yalikuwa maneno tu.

Mtoto alilia mara moja, kilio kikali, kisha akanyamazishwa kwa divai kidogo kwenye kidole. Rabi Pinhas alishika kikombe, akaanza baraka. Ghazala alizijua zinakokwenda. Alishika nondo za dirisha. Rabi alifika mahali ambapo jina hutakiwa, akasita, akamwinamia Amram.



Amram alimtazama baba yake. Kutoka dirishani Ghazala aliuona mgongo wa mumewe tu, na uso wa mzee juu ya mto. Mzee alitikisa kichwa kidogo, jinsi mtu anavyomwashiria mwenzake atangulie kupita mlangoni. Amram akamsogelea Rabi sikioni.

“Na jina lake litaitwa katika Israeli,” Rabi akasema, “Menahem mwana wa Amram.”

Mnong’ono ulipita uani kutoka mbele kwenda nyuma. Pale dirishani Bi Sultana aligeuka kuuliza, amesema nani? amesema nani? na huko ngazini mtu alikuwa anauliza hivyohivyo. Hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Ghazala hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia pumzi.

Ndipo Mzee Rahamim akainua kichwa.

“Rudia, Rabi,” akasema, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa lakini ilifika kila mahali. “Wa nyuma hawakusikia. Mjukuu wangu wa pili katika nyumba hii anaitwa nani?”

Rabi akarudia.  Na hapo, juu kidogo ya bega la Ghazala, Kamuna akapiga kigelegele. Kilianza kwa kupasuka, kikakatika, akavuta pumzi akakianza upya, na safari hii wenzake wakakipokea, Bi Sultana naye, mpaka njiwa wakaruka kutoka ukuta wa jirani.

Maneno hayakwisha, na nani alitegemea yaishe. Mchana uleule, watu wakila kuskusi na mayai yaliyokaangwa ndani ya chapati nyembamba za briki, walikuwepo waliosema mzee amelazimishwa, na waliosema amekubali mwenyewe kwamba jina lake ni zito. Miezi ya baadaye mwanamke mmoja au wawili waliendelea kugeukia ukuta. Mzee Rahamim aliwapisha njia. Lakini alirudi kukaa mahali pake sokoni, kwenye benchi mbele ya duka la mwanawe, na aliyemuuliza habari za mjukuu aliulizwa kwanza, yupi.

Hayo yalikuwa mbele. Siku ile ya nane, wageni walipokwisha kutoka na Amram alipokwenda kurudisha viti vya kuazima, mzee alibaki ukumbini na mtoto magotini. Hakuna aliyemwambia amshike, wala hakuna aliyemwambia amweke. Ghazala alitoka chumbani, ameegemea ukuta, akaketi karibu naye kusubiri mtoto aamke anyonye. Kamuna alikuwa jikoni na mlima wa sahani.

 Kisha mzee akasema, bila kuinua macho, kwamba yule mkubwa hakumjua vizuri. Alikuwa mdogo mno. Yeye watoto wadogo hawamjii. Alikuwa anangoja akue kidogo, aanze kusema, ndipo amkalishe dukani amwonyeshe patasi. Alidhani muda upo.

“Alikuwa anapenda nini?” akauliza.

Tangu siku ya mazishi watu walikuwa wamemwambia Ghazala mambo mengi. Walimwambia avumilie, walimwambia Mungu atampa mwingine, walimwambia asiende sana makaburini. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Alijikuta anatafuta pa kuanzia, kwa sababu yalikuwa mengi.

“Rahamim,” akasema, kwa sauti ya kawaida, mchana, katika ukumbi wa nyumba yake. “Rahamim alikuwa hapendi kofia. Ukimvika anaivua, ukimvika anaivua, anaitupa chini anakuangalia umefanya nini. Kofia zote.”

Maji yaliacha kumwagika jikoni. Kamuna alikuja akasimama mlangoni, mikono inadondosha povu sakafuni.

“Si zote,” akasema. “Ile nyekundu aliipenda.”

“Aliipenda kuitafuna, Mama.”

“Si ndiyo kupenda kwenyewe?”

Mzee Rahamim alicheka. Alimhamishia mtoto kwenye mkono mwingine, akavuta kiti cha tatu kwa mguu wake ili mkewe akae, akasema, “Haya. Endeleeni.”